Uchochoro Una Mwenyewe

Vijana mlioachiwa magambuti yangu, yakagueni kwanza. La kushoto lina kiraka karibu na kisigino. Nililiziba kwa gundi ya mafundi baiskeli na bado linashika, ila msiliamini kwenye maji yanayopita kifundo. Vitu vingine nilivyoacha stoo havina kasoro isipokuwa harufu, na harufu ya klorini mtaizoea mpaka siku mtakapokula chapati mkashangaa mbona haina ladha.

Nimeondoka kazini nikiwa na miaka arobaini na saba. Shangazi yangu anasema huku si kustaafu, ni kutoroka, maana watu hustaafu wakiwa na mvi na mimi mvi zangu bado natafuta. Mkataba uliisha, wakaniuliza kama naongeza, nikasema basi. Miguu yangu haijawahi kutulia. Nimepanga vyumba Buguruni, Kawe, Temeke na kwingine ambako nitakutaja nusunusu, na kila nilipohamishwa nilifunga virago kwa furaha, kisha nikifika naanza kupakumbuka nilikotoka. Sasa nataka nizunguke bila kutumwa na mtu.

Kiongozi wenu ameniomba niwaachie maneno machache. Semina mnazo. Mnafundishwa kuchanganya dawa, kunawa, kuhesabu wagonjwa. Hofu haina somo, na mimi hofu ndiyo niliyoishi nayo kuliko kifaa chochote cha kazi, kwa hiyo nitaandika hiyo.

Nilianzia Buguruni, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya wazi. Aliyenipokea ni Bwana Afya Ngonyani, mzee wa Songea, mrefu, asiyecheka ovyo. Mfuko wa shati lake ulikuwa na kijiko, na hakula popote bila kijiko hicho, hata harusini. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye nyumba ambayo mtu alikuwa amefariki asubuhi kwa kuhara na kutapika. Tulipofika mlangoni akaniuliza, "Unaogopa?"

"Hapana, mzee."

"Basi rudi nyumbani. Asiyeogopa hujisahau akashika mdomo."

"Naogopa, mzee."

"Haya. Vaa glavu."

Akanionyesha namna ya kupuliza kuanzia mlangoni kwenda ndani, ili kila unapokanyaga pawe pameshapata dawa, na ukitoka ujipulizie nyayo kabla hujasalimiana na mtu. Ndani mlikuwa na kitanda kilichotobolewa kigodoro katikati, na ndoo chini yake. Nilipuliza. Dawa ikawa inakwenda huku na huku kama mvua ya upepo. Yeye alisimama nyuma yangu, na tulipotoka akasema, "Umepuliza hata dari. Si vibaya."

Kitu kingine alichonifundisha kilionekana cha kipuuzi. Ngonyani hakufunga genge, kisima wala choo bila kwanza kuvua kofia na kusoma kwa sauti amri aliyoijia: imetolewa na nani, kwa sheria ipi, inakataza nini, na mwenye mali akalalamike wapi. Alisoma yote, polepole, hata kama mwenye mali ni mama muuza vitumbua mmoja na watazamaji ni kuku. Watu walimcheka. "Padri kaja, misa inaanza." Yeye anamaliza, anavaa kofia, ndipo anafunga. Na mimi alinisimamisha uani kwa ofisi nikasoma sheria ndogo mbele ya mbuzi wa jirani mpaka sauti ikaacha kukwama. Siku nilipoisoma kwa mara ya kwanza mbele ya watu, mama lishe niliyekuwa namfungia alinisikiliza amejishika kiuno, akasema, "Hebu rudia hapo pa kukata rufaa, mwanangu. Pananifurahisha."

Nilimuuliza Ngonyani kwa nini anajisumbua. Akanijibu, "Amri ambayo huwezi kuisoma mbele ya mwenye mali, usiitekeleze. Kama haijaandikwa, haijafika. Labda ni hasira ya mtu imepanda gari."

Alistaafu nikiwa Kawe, ambako kazi yangu ilikuwa kugombana na wauza samaki na wapishi wa harusi, na kwa kweli nilinenepa. Kijiko chake alinipa. Baada ya Kawe nikapelekwa kata moja nyuma ya uwanja wa ndege. Jina silitaji, kwa sababu watu wake wapo na kila mmoja ana namna yake ya kukumbuka.

Nilipanga chumba kwenye uchochoro mwembamba ambao gari haliingii, hata bajaji inaingia kwa kuomba dua. Ndege zinapita juu ya mapaa, karibu kabisa, unanyamaza katikati ya sentensi, zikishapita unaendelea. Bomba la maji lilikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa kazi ya kutwa. Visima vifupi vilikuwepo viwili, vya chumvichumvi, vya kufulia. Maji ya kunywa yaliletwa na Chilumba.

Chilumba alikuwa Mmakonde wa Newala, mtu mzima, kifua kipana, mwenye mkokoteni wa matairi ya pikipiki uliobeba madumu ya njano. Kila asubuhi aligonga dumu tupu kwa kijiti kuanzia mwanzo wa uchochoro, na kila nyumba ilitoa ndoo. Alizijua ndoo kuliko alivyowajua wenye ndoo. Mimi aliniita Dada Klorini, na jina likashika mpaka mwenye nyumba akasahau la kweli.

"Dada Klorini, haya maji yangu unayapima kila siku, mie nishakuwa mgonjwa wako?"

"Napima dumu, sikupimi wewe."

"Bora. Mie ukinipima utakuta gongo."

Chumba cha jirani yangu kilikuwa cha Mama Nasra. Mumewe alikuwa kusini kwenye msimu wa korosho, yeye akabaki na Nasra wa miaka mitano na mimba ya miezi ya mwisho. Alikuwa mcheshi, mwenye mdomo, mpishi wa mihogo ya nazi ambayo harufu yake ilinifanya nisahau kijiko cha Ngonyani. Jioni tulikaa kizingitini, yeye akiniuliza habari za Kawe kana kwamba ni Ulaya. Ndiye aliyenisemea neno ambalo hakuna aliyewahi kunisemea. "Wewe mwenzangu huishi mahali, unapitaga tu. Lakini hapa utakaa. Nimeamua."

Kisha kipindupindu kikaja.

Wagonjwa wa kwanza walitoka nyumba za bondeni. Baada ya hapo kikawa kinatokea popote. Mahema yakasimikwa kwenye kiwanja cha mpira, vitanda vimetobolewa, ndoo chini. Mtu anaingia asubuhi anatembea, mchana macho yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Nilirudi nyumbani kila jioni nikivua nguo nje ya mlango, nikijimwagia dawa, na bado nililala mikono nimeitenga mbali na uso kama mali ya mtu mwingine. Kila tumbo liliponguruma nilikaa kitandani nikasikiliza. Nikihisi njaa, naogopa. Nikishiba, naogopa.

Visima tulivifunga kwa vifuniko vya mbao na minyororo. Hiyo amri ilikuwa na karatasi, niliisoma kwa sauti kwenye visima vyote viwili vya uchochoro wetu, na watu walinielewa. Lakini kisima kikifungwa, kiu haifungwi. Kila mtu akageukia madumu, na bei ya dumu ikapanda, ikapanda tena, mpaka watu wakaanza kununua nusu.

Asubuhi moja likapita gari lenye spika. Serikali imesikia kilio. Kuanzia leo maji yana bei elekezi, dumu moja bei ya zamani, atakayezidisha atakamatwa na chombo chake kitachukuliwa. Kina mama walipiga vigelegele. Mama Nasra alipiga hodi kwangu akicheza na tumbo lake, "Dada Klorini, wametukumbuka leo." Na mimi nilifurahi. Msidhani niliona mbali.

Chilumba alipofika, kijiti chake kiligonga polepole.

"Mie bombani nanunua kwa bei mpya," akasema, akiwa hajateremsha dumu hata moja. "Mwenye bomba hajasemwa na gari. Nikiwauzia kwa bei ya spika, nasukuma bure mpaka niingie shimoni. Nyie niambieni wenyewe, niwauzieje?"

Wanawake wakatazamana. Mama Nasra ndiye aliyesema, "Uza ulivyouza jana, baba. Sie hatukusikia gari."

Akauza ya jana. Wiki haikuisha, kikosi cha kukagua bei kikaja na mgambo, kikamkuta mwanzo wa uchochoro akipokea hela. Nilikuwepo, kwa sababu kikosi lazima kiwe na mtu wa afya. Mgambo wakashika mkokoteni. Nikamwambia kiongozi wao asubiri kidogo, anipe amri niisome.

"Uisome nini, sista? Gari si limesema?"

"Nataka ile iliyoandikwa."

"Basi kaandike wewe."

Wakacheka, wakasukuma. Madumu yaliyojaa yalimwagwa pale pale, na maji masafi yakapita katikati ya miguu yetu yakaenda mtaroni. Mwanamke mmoja aliinama akajaribu kuyakinga na sufuria. Chilumba hakubishana. Alivua kofia yake ya sufi, akaiweka kwenye mfuko wa nyuma, akapanda gari la mgambo kama mtu anayekwenda kazini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mtendaji wa Kata, Bi Kileo, mama wa Kichaga, mwenye adabu, ambaye siku zile alikuwa anashindia chai. Nikamsalimia, nikamuuliza amri ya bei iko wapi. Akanionyesha simu. Ilikuwa sauti, imetumwa kwenye kundi la viongozi, mtu anaongea haraka na nyuma yake gari linaunguruma.

"Hii siwezi kuisomea mtu, Mheshimiwa."

"Najua."

"Na huyu mtu yuko mahabusu kwa sauti hii."

Aliiweka simu mezani kifudifudi. "Jana nimezika mtoto wa mwenyekiti wangu wa mtaa," akasema. "Leo asubuhi nimepigiwa kuhusu watatu. Watu wanakunywa maji ya mtaro kwa sababu dumu halishikiki. Wewe niambie, nikisubiri karatasi, nizike wangapi?"

Ningependa kuwaambia nilimjibu. Nilitoka pale nikimwogopa yeye, nikiiogopa na ile sauti ya simuni, na nikijua kwamba yeye mwenyewe aliogopa kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye kosa letu, ambalo hakuna semina ingetuambia.

Sote, Mtendaji, kikosi, na mimi, tulidhani msukuma maji mmoja akiondoka, mwingine ataingia. Soko ndivyo lilivyo, tulidhani. Asubuhi ya kwanza ndoo zilipangwa ukutani kama kawaida. Tulisikia kijiti barabarani, dumu linagongwa, tukatoa vichwa. Alikuwa Mashaka, msukuma wa mtaa wa pili, mkokoteni umejaa. Akapita mwanzo wa uchochoro, akaangalia mbele, akaenda zake. Siku iliyofuata akapita tena. Akapita na mwingine. Hakuna aliyekata kona, na waliowafuata barabarani na ndoo hawakuuziwa.

Siku ya tatu nikamkimbilia Mashaka na magambuti yangu.

"Mashaka, braza, mbona hukati kona? Kina mama wamepanga ndoo."

"Shikamoo, Dada Klorini."

"Marahaba. Kata kona."

"Uchochoro ule una mwenyewe."

"Mwenyewe yuko ndani."

"Ndo maana sasa. Mtu yuko ndani, mie niingie kwake? Akitoka nitamwangalia usoni vipi?"

Akanieleza akiwa ameegemea mkokoteni, kwa upole, kama anayemweleza mgeni adabu za msibani. Kila msukuma ana njia yake, na hamwingilii mwenzake. Mwenzako akiugua, akifiwa, akikamatwa, njia yake ndiyo hasa haiguswi. Inalindwa. Atakayeingia amefanya biashara kwenye matanga ya mwenzake. Wasukuma wote wa upande ule walikuwa wamekubaliana bila kikao: Chilumba ameonewa, basi kwake tutamlindia mpaka arudi.

"Mnamlindia kwa kuwaua wateja wake?"

"Sie hatuui mtu, dada. Waliomchukua ndo wamewaacha bila maji."

"Nakuamuru uingie. Mimi mtu wa afya."

Akanitazama, akatabasamu kidogo. "Haya, soma karatasi nikusikilize."

Ndege ikapita juu, nikangoja imalize.

"Hakuna njia yoyote?" nikamuuliza iliponyamaza.

"Ipo moja. Mwenyewe akabidhi. Anakushika mkono anauweka kwenye mpini, anasema mbele ya mtu, huyu ni mimi. Basi. Lakini akishakabidhi hairudi. Ndo maana watu hawakabidhigi."

Nilirudi nyumbani nimebeba dumu moja la maji yaliyotiwa dawa kutoka ofisini. Nilimpa Mama Nasra. Nikamsisitiza, ya kunywa, wewe na mtoto, msiguse mengine. Akaitikia. Jioni ya pili yake nikaona Nasra anakunywa maji ya dumu langu, na mama yake anajimiminia kutoka kwenye ndoo ya bluu yenye mpini wa waya.

"Hayo umetoa wapi?"

Akaifunika ndoo. Nikaenda kwenye kisima cha nyuma. Mnyororo niliofunga kwa mikono yangu ulikuwa umelazwa vizuri pembeni, kufuli halijavunjwa, bali ubao wenyewe umeng'olewa misumari.

"Lile lako nampa Nasra," akasema niliporudi. "Halitutoshi wawili. Mie mtu mzima, tumbo langu limezoea."

"Umechemsha?"

"Leo mkaa ulikuwa umeisha."

Aliyasema hayo akicheka, ili nisigombe. Nilimwaga ile ndoo. Nilikoroga maji ya chumvi na sukari nikayaweka kando ya kitanda chake kabla hajaugua, kama watu wanavyonunua sanda mapema. Kisha nikakaa chumbani kwangu nikisikiliza kupitia ukuta wa matofali ambao haukufika darini. Kila alipogeuka nilisikia. Kila alipofungua mlango kwenda uani nilisikia, nikahesabu amekwenda mara ngapi, na nilipofika mara ya tatu nikaacha kuhesabu nikavaa glavu.

Uchochoroni hamkuwa na mkokoteni wa kumbebea. Wa Chilumba ulikuwa umefungiwa kwenye yadi ya kata. Dereva wa bajaji wa barabarani alitutazama akasema hapana, ana watoto. Nikapuliza dawa bajaji yake ikiwa tupu, nikamwambia nitaipuliza tena tukifika na nitakaa katikati yake na mgonjwa. Akakubali huku amefunga pua na fulana. Mama Nasra alinilalia begani. Aliniambia, "Usije ukahama," na baada ya hapo midomo ilikauka akawa anaisogeza tu.

Kwenye mahema walimtundikia dripu mbili. Nilimwacha na muuguzi, Nasra nikamwacha kwa mwenye nyumba, nikaenda kumtafuta Mashaka. Nilimkuta anapakia madumu. Sikumwamuru. Nilimwambia jina la mgonjwa. Akaegesha mkokoteni, akasema, "Twende."

Kituo cha polisi kilikuwa na askari mmoja kaunta, mtu mzima mwenye usingizi, ambaye nilimwambia naomba kuonana na mahabusu kwa dakika chache, nimekuja kwa kazi ya afya. Fulana yangu yenye maandishi ilisaidia, na harufu yangu ilisaidia zaidi. Akamtoa Chilumba. Alikuwa amekonda shingo tu, kifua kile kile.

Akasalimiana na Mashaka kwanza. "Kwangu kukoje?"

"Hajaingia mtu," Mashaka akasema. "Tumekulindia."

Uso wa Chilumba ulifunguka kwa furaha, na mimi nikaogopa kusema nilichojia.

Nikasema. Nikamwambia uchochoro hauna maji tangu alipokamatwa, watu wamerudi kisimani. Nikamwambia namna pekee ni akabidhi.

"Nikikabidhi, hairudi, dada."

"Mashaka kaniambia."

"Si koti hilo, useme nitaliazimisha halafu linirudie. Ule uchochoro nimeusukumia tangu matairi ya mbao. Nikitoka humu nitakula wapi? Newala kuna mashamba ya kaka zangu. Hapa kwangu ni pale tu."

"Najua."

"Hujui. Wewe unahamaga." Akasema bila ubaya. Akaketi kwenye benchi. Askari akapiga miayo. Chilumba akauliza, "Nani anaumwa?"

"Wa nyumba ya mwisho wawili. Na Mama Nasra, asubuhi hii."

"Na lile tumbo?"

"Na lile tumbo."

Alikuwa anasugua viganja vyake, vile vigumu vilivyokuwa vyeupe katikati. "Ndoo ya bluu," akasema mwishoni. "Ile ya mpini wa waya. Nilimwambia abadilishe mpini, utamkata." Akasimama. "Mashaka, njoo."

Mkokoteni haukuwepo, kwa hiyo alitafuta kwa macho kitu kingine, akaona ukingo wa kaunta. Akauchukua mkono wa Mashaka akauweka pale, akauwekea wa kwake juu, akaukandamiza.

"Nyie mnafunga ndoa hapa?" askari akauliza.

Hakuna aliyecheka. Chilumba akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye shahidi, akasema, "Huyu ni mimi." Kisha akaanza kumtajia nyumba, moja baada ya nyingine: huyu anapenda ujaze mpaka shingoni, yule mzee usimgongee, ingia umimine, pale kwa mshonaji mbwa anatisha tu haumi. Mashaka alikuwa anaitikia "naam" kila nyumba, na machozi yanamtoka hayafuti.

Jioni ile kijiti kiligonga ndani ya uchochoro. Kina mama walitoka na ndoo, wakajaziwa, wakalipa, hawakupiga vigelegele. Mmoja alimuuliza Mashaka kwa sauti ndogo, "Amekabidhi?" Akasema ndiyo. Yule mama akatikisa kichwa akaingiza ndoo yake ndani.

Mama Nasra alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama kanga. Mtoto wa tumboni hakurudi naye. Wale wawili wa nyumba ya mwisho hawakurudi. Baada ya siku kadhaa maboza ya serikali yalianza kuleta maji bure mpaka barabarani, na hilo lazima niliandike, maana ndilo lililotuokoa wengi na ugonjwa ukaanza kushuka. Karatasi ya bei nayo ilifika, imesainiwa, imepigwa mhuri, na safari hii ilimtaja na mwenye bomba. Bi Kileo aliniita niisome mbele ya wasukuma wote. Nilisoma mpaka pa kukata rufaa. Yeye alikuwa anaangalia chini muda wote, na nilipomaliza akaniomba nirudie.

Chilumba alipofikishwa mahakamani, hakimu aliuliza ni amri gani aliyoivunja, isomwe. Haikuwepo ya kusomwa. Wakamwachia. Mkokoteni aliukuta yadi ukiwa na tairi moja. Alikuja uchochoroni siku ile, akasimama mwanzo wake, pale barabarani, akazungumza na Mama Nasra kutoka mbali. Hakuingia. Mashaka alimsihi. Mimi nilimsihi. Akasema, "Kwa mtu hakuingiliwi," akaenda.

Mimi nilihama mwaka uliofuata. Nilijiambia ni uhamisho wa kazi, na kweli barua ilikuwepo, ila niliiomba.

Wiki niliyoondoka kazini nilikuwa napita Buguruni, nikasikia mtu ananiita Dada Klorini. Alikuwa Chilumba, amezeeka, anasukuma magodoro ya watu. Tulicheka, tukaulizana afya. Akaniuliza, "Kwangu kukoje?"

Nikamwambia hawajambo. Lakini nilikuwa sijakanyaga kule miaka, kwa hiyo kesho yake nikaenda. Nilikwenda kwa miguu, nikiogopa kama ile siku ya kwanza na Ngonyani. Uchochoro upo. Ndege bado zinapita chini. Nasra ni msichana mrefu, alinipa shikamoo bila kunijua, mama yake akatoka akanishika mikono yote miwili na hakuniuliza nimepotelea wapi. Ukutani, kila nyumba ina bomba. Yamewekwa muda sasa, maji yanatoka asubuhi na jioni. Hakuna msukuma anayeingia. Mashaka anauza mitumba.

Nilifungua bomba la Mama Nasra, nikakinga maji kwenye kijiko cha Ngonyani, nikayanywa. Ni masafi.

Nimeahidi kupita tena Buguruni kumpelekea Chilumba salamu. Nimeshafika njia panda mara mbili na kurudi. Nyie mkitumwa kufunga kitu cha mtu, someni kwanza kwa sauti, halafu muulize kilikuwa kinamfikia nani. Mimi bado natafuta namna ya kumwambia Chilumba kwamba kwake sasa hakuna anayengoja kijiti.